Dimbwi Chini ya Friji: Si Kila Maji ni Gesi

Friji ikianza kumwaga maji sakafuni, hukumu ya kwanza mtaani ni moja: gesi imeisha. Mara nyingi si kweli. Gesi ikivuja haiachi dimbwi. Inapotea hewani, pengine ikibakiza alama ya mafuta kwenye bomba, na friji huacha kupoza huku kompresa ikinguruma bila kupumzika. Friji inayolowesha sakafu ilhali soda zake bado ni baridi haidai gesi.

Niliyoichunguza hapa Isaka ni ya mlango mmoja, yenye kisanduku cha barafu juu kwa ndani. Mwenye nayo ni jirani yangu, mama anayewauzia maji na juisi madereva wa malori wanaosubiri mizigo bandari kavu. Kwa hiyo mlango hufunguliwa kutwa nzima, na hapo ndipo maji yanapoingilia. Hewa ya nyuzi joto 30 iliyoshiba unyevu hubeba takribani gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 5 inabaki na gramu 7 tu. Zilizosalia hugandia kwenye kisanduku cha barafu. Ndiyo maana msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, friji za huku hutoa maji mengi kuliko Julai ya vumbi.

Barafu hilo likiyeyuka, maji yanapaswa kupita kwenye tundu dogo upande wa nyuma, yashuke kwa mrija hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, yakauke kwa joto lake. Kwa mama huyu yalikuwa yamejaa chini, kwenye droo ya mboga, yakitokea mlangoni. Maana yake hayakufika nyuma kabisa. Tulichomoa waya, tukalisubiri barafu liyeyuke lenyewe, kisha tukasukuma maji ya uvuguvugu tunduni kwa bomba la sindano. Kikatoka kipande cha jani la mchicha, na maji yakasikika yakidondoka kwenye trei. Kisu hakikuguswa: ukitoboa kisanduku cha barafu umeua friji, na friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, inayoshika moto.

Dimbwi likarudi, safari hii nyuma, na kila mara baada ya umeme kukatika kwa saa nyingi. Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi. Umeme ukikatika, barafu lote linayeyuka kwa mkupuo, na kompresa iliyopoa haina joto la kukausha kitu. Trei inafurika. Hapo hakuna kilichoharibika. Dawa ni kutoacha barafu linenepe, na kumwaga maji ya trei umeme ukichelewa kurudi, waya ukiwa umechomolewa.

Tulipima pia mpira wa mlango kwa kubana karatasi: upande wa bawaba ilichomoka bila ubishi. Mpira uliolegea hupitisha unyevu usiku na mchana, hata mlango ukiwa umefungwa. Huo ulihitaji kubadilishwa.

Fundi akikwambia ni gesi, mwombe kwanza akuonyeshe tundu na trei, kisha apake povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, kompresa ikiwa imezimwa. Kama hakuna kinachotoa mapovu na friji inapoza, usilipe.