Uhakiki wa Kanuni ya Trapeza katika Uigaji wa Wakati Halisi wa Mitandao ya Umeme

Mwaka 1969, Hermann Dommel alichapisha makala iliyoonesha namna kompyuta inavyoweza kukokotoa misukosuko ya ghafla ya volteji na mkondo katika mtandao wa umeme. Kwa kutumia kanuni ya trapeza, kila koili na kila kapasita iligeuzwa kuwa ukinzani ulioambatanishwa na chanzo cha mkondo, na mtandao mzima ukabaki kuwa milinganyo ya kawaida ya kutatuliwa hatua kwa hatua. Njia hiyo ilikuwa msingi wa programu ya EMTP, na baadaye ikaingia katika viigaji vya wakati halisi. Ubora wake haubishaniwi. Kinachohitaji kuhakikiwa ni kipimo kinachotumika kuusifu.

Sifa hiyo huegemezwa kwenye matokeo ya Germund Dahlquist ya mwaka 1963. Dahlquist alithibitisha kwamba, miongoni mwa mbinu za mstari za hatua nyingi, hakuna inayobaki thabiti kwa urefu wowote wa hatua na papo hapo ikavuka daraja la pili la usahihi. Na kati ya zile za daraja la pili, trapeza ndiyo yenye kosa dogo zaidi. Mbinu ya Runge-Kutta ya daraja la nne haimo katika kundi hilo, lakini hudai ukokotoaji mara nne kwa kila hatua, na huhitaji ingizo la katikati na la mwisho wa hatua. Kiigaji kinapounganishwa na kifaa halisi, ingizo hilo huwa bado halijawasili.

Mfano mmoja unatosha kuonesha upungufu wa kipimo cha daraja. Tuseme mfumo unafifia kwa kiwango cha 50,000 kwa sekunde, nao unaigwa kwa hatua ya mikrosekunde 50. Baada ya hatua moja, thamani ya kweli ni 0.082 ya ile ya mwanzo. Euler ya mbele hutoa -1.5, yaani jibu hukua badala ya kufifia. Runge-Kutta ya daraja la nne hutoa 0.648, Euler ya nyuma 0.286, na trapeza -0.111. Kwa ukubwa wa kosa, trapeza inashinda. Hata hivyo, ndiyo pekee kati ya mbinu tatu zilizobaki thabiti ambayo imekosea alama: mahali penye chanya imeweka hasi.

Kosa hilo la alama si dogo. Swichi inapofunguka na mkondo wa koili ukawa sifuri, kanuni ya trapeza hudai kwamba volteji ya hatua mpya iwe kinyume cha ile iliyotangulia. Volteji hiyo basi hubadilisha alama kila hatua bila kufifia, ilhali katika koili halisi haipo. Iwapo rilei ya ulinzi inajaribiwa kwa kiigaji hicho, itapokea mawimbi yaliyozaliwa na hesabu, na huenda ikahukumiwa kuwa mbovu, au kuwa nzima, kwa ushahidi wa uongo.

Tiba iliyopendekezwa na Martí na Lin mwaka 1989 ni kuchukua nusu-hatua mbili za Euler ya nyuma mara baada ya badiliko la ghafla. Uzuri wake ni kwamba matriki ya mtandao haibadiliki kwa sababu ya nusu-hatua hizo. Katika uigaji usio wa wakati halisi, gharama yake ni ndogo, kwani swichi hufunguka mara chache. Katika wakati halisi hali ni tofauti: utatuzi wote miwili lazima ukamilike ndani ya mikrosekunde 50 zilezile. Wastani mzuri haukomboi hatua moja iliyochelewa. Pale vigeuzi vya kielektroniki vinapowasha na kuzima swichi mfululizo, hatua nzito huacha kuwa ya nadra na kuwa ya kawaida.

Hivyo basi, utafiti unaolinganisha mbinu hizi kwa daraja la usahihi na wastani wa muda pekee unaacha nje jambo la msingi. Mbinu ya uigaji wa wakati halisi ipimwe kwa jibu lake katika hatua ya kwanza baada ya swichi kubadilika, na kwa muda wa hatua yake ndefu kuliko zote.