Kutoboa Kaboni: Kazi Iko Upande wa Nyuma

Agosti 2012 Ethiopian Airlines ilipokea Boeing 787 Dreamliner, ya kwanza barani Afrika. Karibu nusu ya uzito wa ndege hiyo ni vifaa vya mchanganyiko, hasa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi. Hata hivyo, vipande vyake vikubwa bado hufungwa kwa pini, na kila pini inahitaji tundu. Fundi wa mtaa wa Lumumba mjini Bunia, Kongo, akitoboa fremu ya droni ya mpiga picha, anakutana na ugumu ule ule.

Kaboni ni matabaka yaliyobandikwa, na kati ya tabaka na tabaka kinachoshika ni epoksi peke yake. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, matabaka machache yaliyobaki hayana kitu cha kuyaegemeza. Badala ya kukatwa, husukumwa yakabanduka. Juu tundu linapendeza. Chini limechanika, na ufa umeingia ndani usikoonekana.

Viwandani hutumiwa biti za kabaidi au zenye almasi, zinazozunguka kasi na kushuka polepole. Fundi wa mkono anaweza kufuata kanuni hiyo hiyo. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili, kisha bana kipande juu ya ubao usio na thamani, kigusane nao barabara. Usitie alama kwa nyundo, maana pigo moja hupasua epoksi. Anza na tundu dogo, kisha lipanue. Karibu na mwisho, punguza nguvu ya mkono, uiache biti ikate yenyewe. Pumzisha drili mara kwa mara: epoksi ikipata joto hulainika na kuachia nyuzi.

Pima pia umbali kutoka ukingoni. Kwa tundu la milimita 3, kitovu kikae angalau milimita 9 ndani.

Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo ondoa kwanza betri na saketi za droni. Vaa barakoa na miwani, na futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize. Mwisho, usifunge kwa riveti ya alumini: ikigusana na kaboni penye unyevu, alumini huliwa. Chuma cha pua au titani ni salama zaidi.

Katika hatua zote hizi, ubao wa nyuma ndio wenye gharama ndogo na faida kubwa kuliko vingine. Fundi asiye nao asianze kutoboa.