Sinema ya wanafunzi: tuwaulize nini watazamaji?

Mwalimu akimaliza somo na kuuliza, «Mmefahamu?», watoto wote wanaitika pamoja, «Ndiyo!» Kesho yake anawauliza neno moja tu la somo lile, na darasa zima linanyamaza. Je, walisema uwongo? Hapana. Waliulizwa swali lenye jibu moja tu.

Katika Uingereza, kuanzia mwaka 2008, mtihani wa OCR kwa vijana wa sekondari waliojifunza mambo ya sinema na magazeti uliwapa kazi hii: kutengeneza mwanzo wa sinema mpya, usiopita dakika mbili. Wengi walichagua hadithi ya kutia hofu: nyayo gizani, mlango unaofunguka polepole, msichana peke yake njiani. Kisha wakawaonyesha wengine na kukusanya maoni yao. Desturi hii ni njema, lakini nguvu yake yote imo katika swali.

Kijana aliyekata na kuunga picha zake mara nyingi hawezi tena kuzitazama kwa macho mapya. Yeye anajua kwamba mtu mwenye koti jeusi ndiye mwuaji. Mtazamaji anaona koti tu. Na akiwauliza rafiki zake, «Mmependa?», watajibu nini? Huyu ndiye aliyemwazima koti lile, na yule ana dada yake katika picha. Watasema, «Nzuri sana!», na kazi itabaki na kilema chake.

Tusifikiri kwamba jambo hili ni la wanafunzi peke yao. Billy Wilder, fundi mkubwa wa sinema katika Marekani, alitengeneza Sunset Boulevard, iliyotoka mwaka 1950. Mwanzo wake wa kwanza ulionyesha chumba cha maiti, na maiti wale wakisimuliana namna walivyokufa. Mbele ya kuitoa, waliwaonyesha watu wa Evanston, karibu na Chicago. Watu wakacheka! Wilder hakuwagombeza, aliukata mwanzo ule. Lakini angalieni: hakuwaomba wamwandikie mwanzo mwingine. Alishika shauri lake la mtu aliyekufa anayesimulia habari zake, akamweka akielea katika bwawa la kuogelea. Watazamaji walionyesha ugonjwa. Dawa aliitafuta yeye mwenyewe.

Basi vijana wafanye vivyo hivyo. Wawaite watu wasiojua hadithi, wasiwaeleze neno, wakae pembeni na kutazama nyuso zao. Nani amecheka mahali pa kuogopa? Nani ametazama saa yake, na katika sekunde gani? Mwishoni waulize hivi: «Nisimulie uliyoyaona. Ulimwogopea nani? Unafikiri nini kitafuata?»

Kwa sababu gani maswali hayo? Kwani hofu ya sinema haitoki gizani tu. Inatoka katika kujua. Katika Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, tunaona kwanza mkono ukitega bomu na kulificha nyuma ya motokari. Kisha mtu na mwanamke wanaingia na kwenda zao polepole, na kwa dakika zaidi ya tatu picha inaendelea bila kukatwa. Wao hawajui; sisi tunajua, na ndiyo maana tunashika viti vyetu. Kama tusingaliuona mkono ule, tungaliona motokari inayopita tu.

Mtazamaji mmoja atasema, «Ongezeni damu». Mwingine, «Ongezeni ngoma». Msifuate haraka. Pengine wote wawili wanasema neno moja: «Sikumwogopea mtu.» Hapo kijana asiongeze kitu mpaka amejua ni wapi mtazamaji alipoachwa nyuma. Sifa zinafurahisha jioni moja. Kicheko cha mtu asiyekujua kinauma, lakini kinakufundisha kazi.