Jiko, Shamba na Tembe

Ukubwa wa filamu haupimwi kwa ukubwa wa nchi inayoonyeshwa ndani yake. Mwaka 2021 ulileta ushahidi wa neno hili kutoka Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India, ambako majahazi ya Bahari ya Hindi yalifika tangu zamani. Filamu mbili za lugha ya Kimalayalam, The Great Indian Kitchen ya Jeo Baby na Joji ya Dileesh Pothan, zilijifungia kila moja ndani ya nyumba moja, na humo zikaona mengi. Mafunzo yake yawafaa Watanzania, hasa wa mikoa ya bara kama Singida, ambayo kamera ya sinema huipita njiani ikielekea kwingine.

The Great Indian Kitchen yamhusu mwanamke aliyeolewa karibuni katika nyumba ya mwalimu. Hakupewa jina. Kazi yake ni kukuna nazi, kukata mboga, kupika, kuosha vyombo, kufuta meza iliyojaa mabaki ya wanaume, kisha kuanza tena. Baba mkwe ataka wali upikwe kwa kuni na nguo zifuliwe kwa mkono. Asema hayo kwa upole, na upole huo ndio unaotisha. Bomba la sinki lavuja, mume aahidi kumwita fundi, fundi haji. Mtazamaji hahubiriwi, hurudishwa jikoni mara nyingi hata uchovu wa mwanamke ukawa wake. Ngoma ya mwishoni, inayotangaza uhuru wake, yarudia kwa sauti kubwa neno ambalo maji machafu ya sinki yalikwisha kulisema.

Joji yachukua kisa cha Macbeth cha Shakespeare. Watanzania wanacho kisa hicho kwa Kiswahili tangu mwaka 1968, S. S. Mushi alipotoa tafsiri yake, Makbeth. Mushi alibadili lugha, akaiacha Scotland mahali pake. Pothan na mwandishi wake, Syam Pushkaran, walikwenda mbali zaidi. Hakuna mfalme wala wachawi. Yuko mzee mwenye shamba, na wana watatu wazima wanaomwogopa kama watoto. Mzee apatwa na kiharusi, na Joji, kitinda mimba, aona nafasi yake. Kiti cha enzi kimekuwa urithi, na jambia limekuwa vidonge vya dawa vilivyobadilishwa. Bincy, mke wa kaka yake, hamchochei kwa maneno makali kama mke wa Macbeth. Anyamaza tu, naye ajua. Hivyo uovu hauwi tena wa wafalme wa mbali, bali wa watu wanaokula sahani moja.

Tanzania nayo haikuwa mikono mitupu mwaka huo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima kupita kiasi, na Denge, mpinzani wa ukoloni, wapendana katika Unguja ya miaka ya 1950. Picha zake ni nzuri mno, na uzuri huo una gharama: vichochoro na vivuli vya Mji Mkongwe hukaa machoni kuliko chumba cha Mwajuma, ambamo riwaya ilionyesha wanawake wawili wakiishi bila mume wala mali.

Na Singida je? Ina mawe makubwa, maziwa ya Singidani na Kindai, mashamba ya alizeti. Mgeni mwenye kamera aweza kuridhika na hayo. Lakini mkoa huo una kisa kizito kuliko mandhari yake. Katika miaka ya 1940 Unyaturu ulikumbwa na mauaji yaliyosemekana kuwa ya simba-watu, na serikali ya kikoloni ikawashtaki watu mahakamani. Mtunzi mvivu atatoa humo filamu ya ngozi za simba na mayowe ya usiku, na kuwafanya Wanyaturu kioja cha kutazamwa. Mtunzi aliyejifunza kwa Joji ataingia ndani ya tembe. Atauliza nani alirithi ng'ombe, jirani gani alikuwa na kinyongo, mama alifunga mlango wakati gani, na watoto waliambiwa nini asubuhi. Huko ndiko hofu ilikokaa. Kisa hicho kikipigwa picha kwa haki, wazee wa Singida wataweza kukitazama mbele ya wajukuu wao bila kuona haya.