Sifa za Mfuata Nyayo

Kulungu wa mkia mweupe ni yule yule Texas na Maine, lakini msasi anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine hana budi kuanza darasa la kwanza. Mimi usasi niliujulia Texas, kusini mwa Marekani, ambako karibu ardhi yote ina mwenyewe. Huko unakodi shamba la kuwindia, unapanda ulingoni kabla ya alfajiri, na mashine yenye saa inamwaga mahindi mbele yako. Mnyama anakuja kula. Kazi yako ni kutulia, kuchagua dume mwenye pembe za kuridhisha na kulenga sawasawa. Simdharau mtu wa ulingo. Subira yake ni ya kweli, na nyama yake ni tamu.

Maine, kaskazini-mashariki mpakani na Kanada, kumtegea kulungu mahindi ni marufuku. Ardhi nayo, ijapokuwa zaidi ya asilimia 90 ni mali ya watu na makampuni, kwa desturi iko wazi kwa apitaye kwa miguu, mpaka mwenyewe aweke kibao au apake miti mistari ya zambarau. Uwazi huo ndio uliokuza ufundi ninaousifu hapa: kumfuata dume mmoja juu ya theluji, tangu kunakucha hadi jua lizame, kilima kwa kilima.

Mfuata nyayo hafuati kila alama. Anatafuta unyayo mpana uliozama, wenye hatua zilizoachana kushoto na kulia, kwa kuwa dume mzito ana kifua kipana. Kisha anasoma. Nyayo zikizunguka miti iliyoangukiana badala ya kupenya katikati yake, huenda pembe ni kubwa. Novemba, msimu wa kupandana, mstari hunyooka kutoka kwa majike hawa hadi kwa wale, na hapo unakaza mwendo, karibu kukimbia. Mstari ukianza kupindapinda, mnyama akisimama hapa kung'ata uyoga na pale kunusa, ujue anatafuta pa kulala. Atajilaza palipoinuka, akiitazama njia aliyojia. Sasa ni hatua moja, kisha macho. Hatua moja, kisha macho. Ndiyo maana wazee wa huko huvaa makoti mazito ya sufu: nailoni ikikwaruzwa na tawi hulia, sufu hunyamaza. Larry Benoit wa jimbo la Vermont alijipatia jina kwa kazi hii, na katika miaka ya 1970 aliitolea kitabu.

Wasomaji wa Tanzania watawakumbuka Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wakishapiga mshale wa sumu hawamkurupushi mnyama. Humpa muda, kisha humwandama kwa alama. Maine pia msasi mwenye adabu, akishafyatua risasi, huketi kwanza. Mnyama aliyejeruhiwa akikimbizwa huenda mbali.

Texas watu husifiana kwa inchi za pembe. Maine ni uzito. Dume wa ratili 200, yaani kilo 90 hivi baada ya kutolewa matumbo, humwingiza aliyempiga katika klabu ya jarida la The Maine Sportsman. Na habari haifichiki, kwa sababu kila kulungu lazima aandikishwe ndani ya saa 18, mara nyingi katika duka la kijiji au kituo cha mafuta. Wazee husimama na kahawa zao kuzunguka gari, wakiuliza alipigwa wapi na kujua fika kwamba hawatajibiwa. Baraza la namna hiyo sikulipata Texas.

Kuna sheria ambazo mgeni huzikubali shingo upande. Wakati wa msimu wa bunduki ni lazima kuvaa kofia na vazi la juu la rangi ya chungwa inayong'aa. Mwaka 1988, mjini Hermon, mama aliyekuwa nyuma ya nyumba yake, amevaa glavu nyeupe, alipigwa risasi na msasi akafa. Baada ya hapo sidhani kama vazi hilo linahitaji wakili. Jumapili nayo hakuna kuwinda, tangu mwaka 1883. Mwaka 2021 wapigakura waliingiza haki ya chakula katika katiba ya jimbo, na baadhi ya wasasi wakaenda mahakamani wakidai kwamba haki hiyo imeifuta marufuku ya Jumapili. Mwaka 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikawakatalia. Mimi nilifurahi; miguu yangu zaidi.

Kwa Waswahili wenzangu wa Portland na Lewiston, miji ya Maine, ambao sasa si haba: mkitaka kujifunza, msinunue bunduki kwanza. Ingojeeni theluji ya Novemba, mvae chungwa, kisha mzifuate nyayo kinyumenyume, kule mnyama alikotoka. Mtaona alikokula na alikolala, bila kumsumbua. Mafunzo hayo ni bure.