Sauti ya Zawose Baada ya Zawose

Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na Taylor kutoka vinywani mwa watu, na Hichens akayapiga chapa mwaka 1940. Leo hatuna Muyaka mwingine ila huyo aliyepita mikononi mwao. Nalikumbuka jambo hili kila nisikiapo rekodi za marehemu Hukwe Ubi Zawose, mwimbaji mashuhuri wa Kigogo aliyetoka Dodoma, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki Desemba 2003.

Zawose naye amepita mikononi mwa watu. Tutazame santuri mbili zilizotolewa na Real World ya Uingereza. Katika *Chibite*, ya mwaka 1996, yupo na mpwawe Charles, na ilimba inasikika ilivyo. Msomaji asiyeijua ilimba na afahamu kwamba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole. Ndimi nyingine haziguswi kabisa, bali hulia zenyewe kwa kuwaitikia jirani zao. Na juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ili sauti ivume. Mgeni huudhani mvumo huo kuwa ni kasoro ya chombo, kumbe ndio pumzi yake. Sauti ya Zawose hushuka hata ikawa ngurumo, kisha hupanda hata ukadhani mwanamke ameingia, nayo huegemea mvumo ule ule.

Katika *Assembly*, ya mwaka 2002, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada, gitaa na mitambo vimekaa mahali pa mvumo. Sisemi kuwa kazi ni mbaya. Zawose mwenyewe aliikubali, na zipo nyimbo humo ambazo ningesikitika kuzikosa. Lakini sikio halina tena pa kupumzika, na mwimbaji amekuwa mgeni katika wimbo wake.

Kwa hiyo, ikiwa siku moja zitakusanywa rekodi zake zisizowahi kutolewa, hofu yangu si kwamba zitakuwa dhaifu. Wapo wasemao kwamba alichokiacha msanii kabatini kiachwe huko, kwa kuwa hakukiridhia. Hoja hiyo yamfaa mwandishi, ambaye mswada wake una mwisho. Wimbo wa Kigogo huzaliwa upya kila uimbwapo, hubadilika kwa watu waliopo na saa iliyopo. Rekodi iliyoachwa si rasimu ya ile iliyouzwa, bali ni ndugu yake. Hofu yangu ni kwa mkusanyaji atakayechagua moja iliyo safi kuliko zote na kuzikata zilizo ndefu.

Wanawe na wajukuu wanaendelea; Pendo na Leah Zawose walitoa *Maisha* mwaka 2024, wanawake wakiwa mbele. Hao hawahitaji kuhifadhiwa na mtu. Baba yao anahitaji. Basi mkusanyaji atupe wimbo mmoja mara tatu kama upo mara tatu, aonyeshe mahali na mwaka ulipoimbwa, achapishe maneno yote ya Kigogo na Kiswahili chake ubavuni, nao mvumo wa ilimba asiuguse.