Uzito wa kiti na heshima ya mwenye nyumba

Hapa Bukavu kiti kinasifiwa kwa uzito. Fotei ya libuyu ikifika nyumbani, mugeni anaisukuma kidogo kwa goti. Ikikataa kusogea anasema: hii njo kiti! Sisi tunaona sifa hiyo haiufai mji huu. Nyumba za Kadutu zimepandana kwenye mteremko, vijia ni vyembamba, na moto ukiwaka mtaani watu wanaokoa matela na sufuria. Salon nzima inabaki ndani.

Triplexi inajulikana katika atelie zetu, lakini inafichwa: mgongoni mwa kabati, ao juu kwenye plafo. Watu wanaiita mbao ya maskini. Kumbe ni ngozi za mti zilizomenywa nyembamba na kugandishwa kwa kola, nyuzi za moja zikikata nyuzi za ingine, njo maana haipasuki ovyo kama ubao. Ngozi zenyewe, zikipakwa kola na kubanwa juu ya kalibu, zinakubali kupinda, na zikikauka zinabaki na umbo lile. Michael Thonet alijaribu hivyo kule Boppard, Ujerumani, katika miaka ya 1830. Alvar Aalto wa Finland alitengeneza kiti cha Paimio kwa njia hiyo karibu na mwaka 1932. Na limba ya Mayombe, mti wa Kongo yetu, ilivushwa Ulaya kwa kumenywa vile vile.

Wengine watasema hiyo si desturi yetu. Desturi gani? Fotei ilikuja na wakoloni, hata jina ni la Kifaransa. Tutazame kisumbi cha Warega, kiti cha wakubwa wa Bwami: kipande kimoja cha mti, miguu mine iliyopinda, kati yake uwazi mutupu. Kinabebwa kwa mkono, na hakuna aliyesema kinamupunguzia mzee heshima.

Lakini kujaribu kuna masharti. Kola nyeupe ya kawaida haivumilii maji. Mvua zetu za Septemba mpaka Mei zitafungua kingo kama daftari lililolowa. Fundi atafute kola isiyoogopa unyevu, hata kama bei inamuuma. Tena asipake verni nzito ili kiti kifanane na libuyu, maana huo ni uongo wa mbao. Tabaka zionekane pembeni, na mwenye nyumba akinyanyue kwa mkono mmoja mbele ya mugeni.